Hopsi Gani?

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alifika saa moja asubuhi, na hakuja peke yake. Alikuwa na kijana wa ulinzi pamoja na mzee mmoja ambaye sikumtambua mara moja, kwa kuwa alijifunika blanketi mpaka masikioni. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, si ya mchezo. Walisimama nje ya ua wakinyoosha shingo.

"Hodi, Mama."

Niliwakaribisha, nikatoa kiti. Mwenyekiti hakukaa. Alielekeza fimbo kwenye nguzo za mkaratusi nyuma ya jiko langu, ambako mmea ulikuwa umejisokota mpaka juu na kuanza kuning'iniza maua ya kijani, akauliza kwa upole wa mtu ambaye moyoni ameshahukumu: "Ile kule ni bangi?"

"Si bangi, mwenyekiti. Ni ndugu yake."

Msijibu hivyo kamwe. Ni kweli kwamba hopsi na bangi ni wa ukoo mmoja wa mimea, lakini kuna ukweli wa kusema darasani na ukweli wa kumwambia kiongozi wa kijiji aliyekuja na mlinzi. Ilinibidi niwatembeze mpaka kwenye nguzo. Nikachuma jani nikawaonyesha: jani la bangi limegawanyika vidole vidole, kila kidole kinaanzia kwenye kikonyo, lakini hili ni jani moja lililochanika pande tatu au tano, kama la pamba. Yule mzee wa blanketi aliwahi kulima pamba bondeni, akasema kweli, hili ni la pamba pamba. Halafu bangi husimama yenyewe, hii haijui kusimama. Haina hata vile vikamba vya kujishikia kama boga. Inapanda kwa kujizungusha kwenye kamba, daima kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na kushika kwa vijinywele vigumu vyenye ndoano. Nilimpitishia mwenyekiti kipande cha shina mkononi, taratibu. Kikamwachia mstari mwekundu.

"Inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe," akasema. Sasa alikuwa amependezwa. Akachuma ua moja, akalifikicha, akalinusa. Katikati ya vile vijani vilivyopangana kama magamba kulikuwa na unga wa njano, ukamganda vidoleni. "Inanuka kama kwa seremala."

"Ndiyo inayotia bia uchungu na harufu. Inaitwa hopsi."

"Hopsi gani?"

Hapo nikanyamaza.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Katika milima hii ukimwambia mtu umepanda kahawa, hujamwambia kitu. Atauliza: SL14? SL28? Au ile Nyasaland ya wazee, yenye kuchipua majani mateke ya rangi ya shaba? Mimi mwenyewe kazi yangu ni kuonja kahawa. Kila siku nakoroga, navuta kwa kijiko kwa kishindo kinachowachekesha watoto, natema, naandika. Nina kalamu mbili, daftari la sampuli, na sifa ndogo ya kuweza kutambua gunia lililokaa karibu na mafuta ya taa. Halafu nyuma ya jiko langu nina mmea ambao nimeuhudumia kuliko kuku, na sijui jina lake la pili.

Ulinifikia hivi. Kijana mmoja Mholanzi aliyekuwa akijitolea kwenye mradi wa maji alikaa muda mrefu katika nyumba ya wageni huko Sipi. Alipenda bia za kujipikia. Aliwahi kurudi kutoka likizo na kipande cha mzizi kwenye soksi (bila cheti chochote cha afya ya mimea, kosa ambalo nalitaja ili msiliige, magonjwa mengi ya mashamba yetu yalisafiri kwa soksi), akakipanda kwenye ndoo na kubandika karatasi ya gundi yenye jina. Machi 2020, uwanja wa Entebbe ulipokuwa unakaribia kufungwa kwa sababu ya korona, akaondoka kwa haraka na kuacha ndoo. Mvua ya Sipi ikafuta wino. Mwenye nyumba ya wageni aliufanya mmea kuwa pambo la kibaraza, na 2022 akanipa nusu ya mzizi kwa kuwa alijua mimi ni mtu wa kunusa vitu.

Najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, nilimtafuta yule kijana, na nikampata. Alijibu kwa ukarimu mkubwa kwamba mzizi ulitoka kwa mjomba wake, kwamba mjomba alikuwa na mimea mitatu ya aina tatu kwenye ua wa bustani, na kwamba yeye alichimba ule ulio karibu na lango. Mjomba ameshafariki. Bustani imeuzwa. Jina halikumbuki.

Mwaka wa kwanza mmea ulinidharau. Ulifika kifuani pangu, ukaacha kurefuka, ukatoa maua ya kujaza kiganja kimoja, ukakaa hivyo. Nilidhani ni udongo, nikamwagia samadi. Kumbe tatizo lilikuwa juu, angani. Sisi tuko digrii moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu na mchana wetu mfupi hautofautiani zaidi ya dakika kumi au zaidi kidogo. Hopsi ni mmea wa kaskazini ya mbali: Hallertau huko Ujerumani, Žatec huko Cheki, bonde la Yakima huko Marekani. Kule katikati ya mwaka jua hukaa juu karibu saa 16, na mmea hutumia siku hizo ndefu kupanda tu, mita tano, sita. Siku zinapoanza kufupika ndipo unapoambiwa utoe maua. Hapa kwetu kila siku ni siku fupi. Mmea unachipuka, unatazama saa, unaona wakati wa maua umeshafika, unachanua ukiwa mtoto.

Aliyenitoa gizani ni binamu yangu, ambaye hufanya kazi katika shamba la maua kandokando ya ziwa, upande wa Entebbe. Kule wanakuza vipandikizi vya krisanthemamu vya kupeleka Ulaya, na krisanthemamu nayo huchanua ikiona usiku mrefu. Wao hawataki ichanue. Kwa hiyo usiku wa manane huwasha taa. "Mmea hauhesabu mchana, dada," aliniambia kwenye simu, "unahesabu giza. Likate giza katikati uone." Nilitundika balbu mbili ndogo za betri ya sola, nikaziwasha kila siku kuanzia saa nne hadi saa saba usiku, kwa wiki kumi. Mmea ukafika mwisho wa nguzo, mita nne, ukaanza kujiviringa hewani ukitafuta pengine pa kushika. Nilipozima taa, ukachanua. Miaka mingi watu waliamini pia kwamba hopsi lazima ipitie baridi kali na usingizi wa majira kabla ya kuchanua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba si lazima. Mmea wangu haujawahi kulala hata siku moja.

(Zile balbu ndizo zilizomleta mwenyekiti, kwa njia. Mtu anayewashia mmea taa usiku wa manane lazima aulizwe maswali.)

Basi nikaanza kutafuta jina, na nilianza jinsi kila mtu anavyoanza, kwa maelezo ya aina yaliyoandikwa na wataalamu. Yanasema aina hii ina nguvu ya kupanda, ile ni dhaifu. Hii hutoa matawi ya pembeni marefu, ile mafupi. Hii hukomaa mapema, ile mwishoni mwa Septemba. Koni za hii, yaani yale maua, ni ndogo na zimeshikana, za ile ni ndefu na zimelegea. Nilikaa na daftari langu na tepu ya fundi cherehani, nikapima kila kitu. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba nilikuwa najipima mwenyewe. Urefu wa mmea wangu ni idadi ya siku nilizowasha taa. Matawi ya pembeni ni vilevile. Na kuhusu kukomaa, hopsi yangu hukomaa kwa kufuata swichi. Nikitaka iwe ya Disemba itakuwa ya Disemba. Yale maelezo yote yalichukuliwa kwenye mashamba ya digrii 45 hadi 52, na kimya kimya yanaeleza mmea na mahali kwa pamoja. Ukiuhamisha mahali, nusu ya sentensi inaanguka.

Rangi ya shina nayo ilinichezea. Saaz ya Cheki kwa jina lake la nyumbani huitwa červeňák, yaani ile nyekundu, kwa sababu ya shina lake. Shina langu ni jekundu! Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikazunguka upande wa pili wa nguzo, upande wa kivuli, nikakuta kijani kitupu.

Kufuta majina ni rahisi kuliko kuyapata. Citra na Mosaic nilizifuta mara moja. Hizo zina wenyewe, mizizi yake haiuzwi kwa mtu wa bustani, na hakuna mjomba wa Uholanzi anayeweza kuzipata kwa njia ya kawaida. Nilibaki na aina za zamani zilizo huru, ambazo bado ni nyingi.

Na hapa ndipo nilipogundua jambo lililonipunguzia aibu. Wenye hopsi wenyewe hawazijui zao. Slovenia kuna hopsi maarufu iitwayo Styrian Golding, imeuzwa kwa jina hilo vizazi na vizazi. Si Golding. Ni Fuggle, aina nyingine kabisa ya Kiingereza, iliyopelekwa huko na kubatizwa vibaya. Marekani walipanda Tettnanger kwa miaka mingi wakidhani ni ile ya Ujerumani, mpaka ikaonekana nayo ina sura ya Fuggle. Columbus na Tomahawk ni mmea mmoja wenye majina mawili ya biashara, na Zeus inafanana nayo kiasi kwamba wanunuzi huziandika zote tatu kwa herufi moja moja, CTZ, na maisha yanaendelea. Mimi nimeshawahi kuona magunia mawili ya kahawa ya mkulima mmoja, shamba moja, yakiuzwa kwa majina mawili, basi hili halikunishangaza. Lilinifariji tu.

Kilichobaki ni pua.

Lakini kwanza nilikosea, tena kazini. Maua ya hopsi yakichumwa yana maji karibu asilimia 80, na lazima uyakaushe mpaka asilimia nane au kumi, la sivyo yanaoza. Kahawa ya ngozi, ile ambayo bado ina ganda lake jembamba, tunaikausha mpaka kumi na mbili hivi, kwa hiyo nikajiona fundi. Nikayatandaza maua yangu kwenye kitanda cha waya cha kukaushia kahawa, juani, nikaenda kula posho. Jua la mwinuko huu halina huruma. Jioni maua yalikuwa makavu, meupe, na harufu yake imepungua nusu. Nikayafunga kwenye mfuko nikayasahau kwenye kabati la chumba cha kuonjea. Wiki kadhaa baadaye mwenzangu akafungua kabati na kuuliza nani ameficha soksi. Hopsi iliyozeeka vibaya hunuka jibini, hiyo ni tabia yake inayojulikana, na kahawa hunyonya kila harufu inayopita karibu. Sampuli nne za wakulima zilitupwa. Sikuambiwa neno; nilitazamwa tu, na ile ilitosha.

Mavuno ya pili nilikausha kivulini, nyumbani, juu ya chandarua cha mbu kilichochakaa. Dalili ya kuwa tayari ni kile kijiti chembamba kinachopita katikati ya ua: kikipinda, bado, kikikatika kwa mlio, tayari.

Rafiki yangu aliyeko Nairobi, ambaye hupika bia, alinitumia kwa basi pakiti tatu zenye majina: Cascade, Saaz, Fuggle. Zilikuwa zimesagwa na kushindiliwa kuwa vidonge, kama chakula cha sungura, kwa hiyo nami nikatwanga maua yangu kwenye kinu ili macho na ulimi visidanganywe na umbo. Gramu mbili kwa nusu lita ya maji ya moto, dakika tano, chuja. Kisha nikaita wenzangu wawili wa kuonja kahawa, baada ya kazi, nikiwaahidi soda na kuku.

Tulitumia jaribio la vikombe vitatu, lile lile tunalotumia kazini tukishuku gunia. Vikombe viwili vina kitu kimoja, cha tatu kina kingine, na kazi yako ni kusema kipi ni mgeni. Ukibahatisha tu utapata moja katika kila tatu. Kwa kila pakiti tulifanya raundi 18 zilizogawanywa kwa watu watatu, na mke wa mmoja wao ndiye aliyepanga vikombe ili nami nisijue. Katika raundi 18 bahati inakupa sita. Ukifika kumi ndipo unaweza kuanza kusema kuna tofauti.

Cascade dhidi ya mmea wangu: 17. Hata haikuwa kazi. Cascade ilikuwa maganda ya balungi na maua, yangu haikuwa hata jirani yake. Saaz: 13. Karibu zaidi, lakini Saaz ilikuwa laini na nyepesi, yangu nzito. Fuggle: nane.

Nane ni kubahatisha kwa watu waliochoka. Mwenzangu mmoja aliniwekea mkono begani akasema, "Basi, dada, umempata." Nikamwambia hapana. Kushindwa kutofautisha vitu viwili si sawa na kuthibitisha kwamba ni kimoja. Pengine ndimi zetu zilikuwa zimekufa kwa uchungu, maana ilikuwa raundi ya mwisho na Saaz ilitutangulia. Tungepaswa kuanza na Fuggle. Sikuwa na vidonge vya kurudia.

Nilichoweza kurudia ni uchungu. Uchungu wa bia hutoka kwenye zile asidi za alfa zilizo ndani ya unga wa njano, na hautoki kwa kuloweka, lazima uchemshe, kwa sababu ni moto unaozigeuza zikayeyuka majini. Nilichemsha Cascade ya pakiti, iliyoandikwa kuwa na asidi hizo asilimia 6.1, saa nzima kwenye maji yenye sukari kidogo, na yangu vilevile, uzito uleule, sufuria mbili za aina moja. Kisha nikawa naongeza maji kwenye Cascade kidogo kidogo mpaka uchungu ukalingana. Ililingana nilipokuwa nimeongeza karibu nusu ya ujazo wake. Kwa hesabu ya dukani yangu ina kama asilimia nne. Usinishike kwa hiyo nambari. Chukua tu kwamba si kumi na mbili. Hiyo ilitosha kufuta Chinook, Nugget, Magnum na wenzao wote wa uchungu mkali, na kuniacha na wapole: Fuggle, Golding, Hallertau, watu wa tatu mpaka tano hivi.

Nikachukua karatasi za wale waonjaji wawili, ambao hawakuwa wameambiwa waandike nini. Mmoja: udongo baada ya mvua, mbao, mnanaa kwa mbali. Wa pili: nyasi, ubao mbichi. Mwenyekiti aliyasema hayo kwa sekunde tatu, bila kikombe, na blanketi la mzee likimpiga begani.

Mbao na udongo ni Fuggle ya maelezo yote. Kwa hiyo nikaandika orodha yangu fupi, ukurasa mzima wa daftari kwa ajili ya majina manne: Fuggle, Styrian Golding, Tettnanger ya Marekani, Willamette. Nikaitazama kwa fahari, kisha nikacheka peke yangu jikoni. La kwanza ni Fuggle. La pili ni Fuggle iliyobatizwa vibaya. La tatu ni Fuggle au kitu chenye sura yake. La nne, Willamette, iliyotolewa Oregon mwaka 1976, ni binti wa Fuggle. Nimehangaika miaka miwili na balbu na kinu na kuku, nikaishia mlangoni pa nyumba moja, sijui tu ni mtoto yupi aliyenifungulia.

Kuwatenganisha hao si kazi ya pua. Kuna maabara zinazosoma mafuta ya hopsi moja moja: Fuggle ina kidogo mafuta ya harufu yaitwayo farnesini, ambayo Golding ya kweli karibu haina kabisa. Na kuna kipimo cha vinasaba, jani kavu tu linatosha, likilinganishwa na mkusanyiko wa aina zilizotunzwa, kama ule mkubwa ulioko Corvallis, Oregon. Nimekausha majani sita ndani ya bahasha pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Bahasha iko juu ya kabati. Safari hii mmea utasafiri na karatasi zake, sio kwenye soksi, na karatasi hizo bado nazifuatilia.

Wiki iliyopita mwenyekiti alipita tena. Kuna mtu mwingine amepeleka mashtaka, mgeni kijijini, kwa hiyo anataka kuingiza mmea kwenye daftari lake ili aache kupanda mlima kila mara. Alikuwa ameshaandika jina langu na neno "sio bangi", akalipigia mstari mara mbili. Peni ikabaki hewani.

"Haya, hopsi gani?"

Nikamwambia Fuggle, nikamtajia herufi moja moja. Akaandika "Fago". Nikamwomba basi aandike kwa penseli, maana huenda nikaja kubadilisha.

Hakuwa na penseli.